Mama, kipenga na netiboli ya shule

Mechi ya netiboli haianzi mpaka kucha zikaguliwe. Ndivyo sheria za mchezo zinavyotaka: kucha ziwe fupi, hereni zivuliwe, bangili na mikufu vibaki kwenye mkoba. Waamuzi wengi hulimaliza jambo hili kwa kupita haraka mbele ya mstari na kutupa jicho. Mama yangu, aliyefundisha Kiswahili na Historia sekondari na kuchezesha netiboli ya shule tangu miaka ya 1980 mpaka alipostaafu, alikuwa anashika kila mkono. Anaugeuza, anatazama kucha, anatazama kiganja, kisha anamtazama mwenye mkono usoni na kumsalimia kwa nafasi anayocheza: "Senta, hujambo?" Mfukoni alikuwa na kikata kucha kwa ajili ya waliosahau.

Mimi nilikuwa pale kwa sababu tangu nikiwa shule ya msingi kazi yangu ilikuwa kuandika magoli. Nilikaa kwenye dawati lililotolewa darasani, na mstari wa ukaguzi ulipita mbele yangu. Niliviona viganja vyenye malengelenge ya jembe. Nilimwona msichana mmoja ambaye Mama aliushika mkono wake mara mbili, akamgusa na shingo, akaenda kumnong'oneza kocha. Alikuwa na homa kali na alitaka kucheza hivyo hivyo kwa sababu ilikuwa fainali ya wilaya. Akabadilishwa kabla mpira haujarushwa. Kocha alinuna. Msichana alilia. Mama akapuliza kipenga, mechi ikaanza kwa wakati.

Naandika habari zake sasa kwa sababu kila msimu wa Ligi Kuu ya soka Tanzania nchi nzima inageuka bingwa wa kuchambua marefa, na sijasikia hata mara moja mjadala huo ukifika shuleni. Ligi yetu, timu zetu za taifa, hata waamuzi tunaowazomea, karibu wote wameanzia kwenye kiwanja cha vumbi ambapo mwalimu fulani alikuwa ameshika kipenga bila kulipwa. Kazi ile ina ufundi wake na ina heshima yake, na nimeishi nayo nyumba moja.

Mama alisomea ualimu Butimba, pale Mwanza, chuo ambacho watu wa michezo na sanaa wanakijua vizuri. Alikuwa mlinzi wa goli hodari, mrefu, mwenye mikono mirefu, na anasema aliingia kwenye uamuzi kwa sababu alichoka kuonewa. Mwamuzi aliyekuwa akichezesha mechi zao chuoni alikuwa mtu wa mpira wa miguu. Netiboli aliiona kama mchezo wa kupoteza muda kabla ya mechi yenyewe ya wavulana. Akawa anapuliza anavyojisikia. Mama akaazima kitabu cha sheria, akakinakili chote kwa mkono kwenye daftari la kurasa nyingi, na huo ukawa mwanzo.

Daftari hilo bado lipo. Limejaa michoro ya kiwanja na mishale ya wino mwekundu.

Netiboli ilizaliwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19, kutokana na mpira wa kikapu uliovuka bahari kutoka Marekani, na sheria zake za kwanza zilichapishwa mwaka 1901. Huku kwetu ilikuja na shule za wasichana, na shuleni ndiko ilikoota mizizi. Leo utaikuta kwenye michezo ya wafanyakazi, SHIMIWI ya watumishi wa serikali na Mei Mosi, na kwenye klabu kama JKT Mbweni, lakini waulize wachezaji hao walijifunzia wapi kudaka na kutua kwa mguu mmoja. Watakutajia shule.

Haitaki vitu vingi. Kiwanja cha urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25, milingoti miwili yenye pete kwenye urefu wa mita 3.05, na mpira. Shuleni kwa Mama mistari ilichorwa kwa majivu ya jiko la bweni. Kupima alitumia kamba ya katani aliyoifunga mafundo mwenyewe: fundo la urefu, fundo la upana, na fundo la mita 4.9 la kuchorea nusu duara ya wafungaji. Msichana mmoja anashika ncha ya kamba chini ya goli, mwingine anazunguka na debe la majivu. Shule nyingi walikuwa wanakisia kwa hatua za miguu, na Mama alikuwa hachezeshi kwenye kiwanja kilichokisiwa. Akifika ugenini kitu cha kwanza kutoka kwenye mkoba wake kilikuwa kamba. Wenyeji wengine waliona ni dharau. Lakini duara likizidi kwa nusu mita, mfungaji mfupi wa timu ngeni ndiye anayeumia, na hatajua kwa nini siku hiyo mipira yake haiingii.

Sasa kazi yenyewe. Waamuzi wa netiboli ni wawili. Kila mmoja ana nusu yake ya uwanja na mstari wake wa pembeni, na wanakimbia nje ya mistari, hawachangamani na wachezaji kama refa wa mpira wa miguu. Mwenye mpira ana sekunde tatu tu, awe ameutoa au amefunga. Mlinzi anayemzuia lazima awe umbali wa sentimita 90 kutoka mguu aliotulia mwenye mpira. Hakuna kutembea na mpira. Kila mchezaji ana maeneo yake, akivuka mstari usio wake ni kosa. Wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu, na lazima wawe ndani ya duara. Mwamuzi anatakiwa ahesabu muda, apime umbali kwa jicho, atazame miguu, atazame mistari, asikie mguso ambao umefichwa na mwili wa mtu mwingine, na yote hayo anayafanya huku anakimbia kwenye vumbi la mwezi wa sita. Mama alikuwa anahesabu zile sekunde kwa Kisukuma, midomo ikicheza: imo, ibili, idatu. Mpaka wachezaji wa upande wake walikuwa wanaitazama midomo yake.

Kitu alichokipenda kuliko vyote katika netiboli ni namna mchezo unavyomwadhibu mtu. Ukimgusa mwenzako au ukamzuia kwa karibu mno, mpira unapewa yeye, na wewe unasimama kando yake. Hushiriki chochote mpaka mpira umtoke mkononi. Ukishatoka tu, umerudi mchezoni, hakuna aliyekununia. Mama akishapuliza alikuwa anataja kosa kwa sauti ya kawaida, bila kufoka: "Umemgusa mkono wa kushoto. Simama hapa." Na kila mtu anajua nini kimetokea, pamoja na mama mjamzito aliyekaa kwenye kanga pembeni.

Alikuwa mwalimu wa nidhamu kwa miaka mingi, kwenye shule ambazo fimbo ilikuwa jibu la kila swali, na mimi naamini alichokiona uwanjani ndicho kilichomfanya aiweke fimbo chini. Aliniambia: "Mwanangu, adhabu ya mtoto iwe fupi, ijulikane ni ya nini, kisha iishe. Ukimchapa, hajui inaishia wapi." Walimu wenzake walimcheka. Darasa lake lilikuwa tulivu kuliko yao, na wanafunzi walikuwa wanajipeleka kwake wenyewe kusema walichofanya.

Hakuna kitu kilichompa sifa wilayani kama msimamo wake kuhusu shule yake mwenyewe. Alikuwa haichezeshi. Waandaaji walikuwa wanamwomba, "Madam, mwamuzi wetu ameumwa, timu zimeshafika, nani atakulaumu?" Anakaa kwenye nyasi na wanafunzi, anakataa. Mechi iliwahi kusogezwa mpaka kesho yake kwa sababu hiyo, na timu ngeni ikalala kwenye madarasa.

Halafu ukaja mwaka wa mamluki. Yeyote aliyepita UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, anaijua habari hii: wachezaji wasio wanafunzi wa shule, vijeba waliomaliza kidato cha nne siku nyingi, wasichana wanaotolewa klabu za mjini na kuvalishwa sketi ya sare asubuhi ya mashindano. Ndiyo maana mashindano yana kamati za kuhakiki wachezaji, na kila mwaka kuna timu inalalamika au inalalamikiwa. Mwaka huo shule ya Mama ilifika nusu fainali ya wilaya. Yeye alikuwa amekaa pembeni, na mimi na karatasi yangu. Timu ilipotoka kupasha misuli, akamwona mlinzi wa goli ambaye hakuwahi kumfundisha. Shule ilikuwa ndogo, alifundisha kila mkondo, na sura ile hakuijua.

Alimwendea kwanza Mkuu wa shule, kama ilivyo adabu. Mkuu akamwambia aliache jambo hilo, ni mchezo wa watoto tu. Mama akavuka uwanja, akaenda kwenye meza ya kamati, akasema kwa sauti ambayo mimi niliisikia: "Yule Namba Moja wetu si mwanafunzi wetu." Kamati ikaita, ikauliza, ikakagua. Shule ikaondolewa mashindanoni papo hapo.

Nataka mnielewe, hakukuwa na makofi. Tulirudi nyumbani kwenye lori lile lile na wasichana waliokuwa wanalia, na hakuna aliyeimba njia nzima, jambo ambalo sijawahi kuliona kwenye lori la wanafunzi kabla wala baada ya hapo. Katika ofisi ya walimu watu waliacha kumsalimia. Aliwaita wachezaji wote darasani, akawaeleza kwamba kuna msichana wa shule yao aliyefanya mazoezi tangu Januari na kunyang'anywa nafasi hiyo, na ni kwa ajili ya huyo alisimama. Msichana mwenyewe, yule mlinzi aliyewekwa benchi, alikuwa amekaa pale akiangalia dawati. Wengine walielewa. Nahodha hakuelewa, alimaliza kidato cha nne bila kumsemesha Mama zaidi ya shikamoo ya lazima, na mpaka leo hawajakaa wakazungumza. Mama anaitaja habari hiyo mara chache na bila kujitetea. Mimi nilikuwa mtoto na nilimwonea huruma. Sasa ni mtu mzima, na nadhani lile lilikuwa jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kufanya mbele yangu.

Mwaka uliofuata wilaya nyingine zikaanza kumwomba. Mkoa ukamwita. Wakati huo timu za Sengerema zilikuwa zinavuka kwa kivuko cha Kigongo–Busisi, kabla daraja halijafikiriwa, na za Ukerewe zinakuja kwa meli, kwa hiyo ratiba ya mechi ilitegemea ziwa. Waamuzi wanakaa jua la saa nane wakisubiri timu ambayo bado iko majini. Posho ilichelewa, na mara nyingine haikufika kabisa. Sare alishona mwenyewe, sketi nyeupe na blauzi nyeupe, na alizifua usiku kwenye beseni ili zikauke kabla ya mechi ya asubuhi. Sisemi haya ili tumwonee huruma. Yeye hajawahi kuomba huruma. Nayasema kwa sababu kuna watu wenye mamlaka wanaoamini kwamba uamuzi wa michezo ya shule unafanyika wenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaja ukimya. Mashindano ya shule, UMISSETA na UMITASHUMTA ya shule za msingi, yalisimamishwa, hoja ikiwa ni kwamba michezo inakula muda wa masomo. Yalirejeshwa baadaye, lakini miaka ile si midogo. Msichana aliyeingia kidato cha kwanza wakati huo alimaliza cha nne bila kuvaa jezi ya wilaya. Baadhi yao ndio walimu wa leo, na ukimpa kipenga mwalimu ambaye hakuwahi kucheza mechi yenye mwamuzi wa kweli, atapuliza kwa kukisia kama yule bwana wa Butimba. Nikiangalia udhaifu wa uamuzi wetu katika michezo mingi, naona mkono wa pengo lile.

Mama hakusimama. Alizungumza na walimu wa shule tatu za jirani, wakakubaliana kukutana Jumamosi, kila mara shule moja ikiwa mwenyeji. Hakukuwa na kombe wala vyeti. Alichezesha kama vile ni fainali ya taifa, kucha zikakaguliwa, kamba ikapimwa, na karatasi ya magoli ikatiwa saini na manahodha wote wawili. Wakati huo mimi nilishaondoka nyumbani na dawati langu la karatasi lilishikwa na mwanafunzi wa kike aliyekuwa mgonjwa wa mguu na hawezi kucheza. Huyo mwanafunzi baadaye naye akawa mwamuzi wa mezani, mtunza muda, na bado anaitwa kwenye mashindano ya mkoa.

Klabu zilimtaka pia. Alikwishahudhuria kozi za chama cha netiboli na kufaulu, na alialikwa kuchezesha mashindano ya watu wazima zaidi ya mara moja. Alikwenda, akachezesha, akarudi shuleni. Nilipomuuliza kwa nini hapandi zaidi alisema wachezaji wa klabu wanajua sheria na wanatafuta namna ya kuzizunguka, lakini msichana wa kidato cha pili bado anatafuta kuzijua. Alitaka kuwepo wakati ule.

Hiyo si kazi ya mtu aliyeshindwa kwenda juu, na historia inanisaidia. Kadi ya njano na nyekundu, ambazo dunia nzima inazijua, zilibuniwa na Mwingereza Ken Aston baada ya vurugu za mechi ya Uingereza na Argentina kwenye Kombe la Dunia la 1966, aliposimama kwenye taa za barabarani London. Zikaanza kutumika Mexico mwaka 1970. Aston alikuwa mwalimu wa shule. Nikilisoma jambo hilo huwa naona mantiki yake: mwalimu anajua kwamba mtu ambaye hasikii lugha yako bado anaweza kusoma rangi. Na jirani zetu Rwanda wametupa Salima Mukansanga, ambaye alianza kuuparamia uamuzi akiwa bado sekondari. Tarehe 18 Januari 2022, Yaoundé, akawa mwanamke wa kwanza kuwa mwamuzi wa kati kwenye fainali za AFCON ya wanaume, katika mechi ya Zimbabwe na Guinea, na mwishoni mwa mwaka huo akawa Qatar kwenye Kombe la Dunia. Upande wetu, Jonesia Rukyaa wa Kagera alisimama katikati ya Yanga na Simba Februari 2016. Nilimpigia Mama simu jioni ile. Alichotaka kujua ni kama alikuwa anakimbia vizuri kipindi cha pili.

Mwaka 2018 mashindano ya taifa ya UMISSETA yalifanyika Mwanza, nyumbani kabisa. Yeye alikuwa amebakiza muda mfupi kustaafu. Mwaka uliofuata, mashindano ya shule za Afrika Mashariki, FEASSSA, yalipokuja Arusha, alipanda basi kwa nauli yake kwenda kuangalia tu. Alirudi na kurasa za maelezo kuhusu shule za Uganda: jinsi wanavyopasi bila kuangalia, na jinsi waamuzi walivyokuwa wanaacha mchezo utiririke pale ambapo kosa halikumwumiza aliyekosewa. Hilo la mwisho lilimgusa sana, kwa sababu kwa miaka mingi sisi tumefundisha waamuzi wapulize kila kitu. Alikuwa na umri wa bibi na bado alikuwa anabadilisha namna yake ya kuchezesha.

Siku ya kuagwa shuleni, serikali ikishamwandikia barua yake ya miaka 60, walimu walitoa hotuba kuhusu Kiswahili na Historia. Zilikuwa nzuri. Lakini upande wa nyuma wa ukumbi walikuja wanawake ambao hakuna aliyewaalika: muuguzi, askari polisi mwenye sare, mama ntilie mwenye kibanda stendi, mwalimu wa msingi kutoka Misungwi. Walikuwa wamecheza mbele yake kwa nyakati tofauti na wengi hawakuwahi kuwa wanafunzi wake. Yule askari alisema yeye alijifunza kwake kumwambia mtu kosa lake bila kumtukana. Akakaa.

Kustaafu kwake hakujakamilika. Toleo jipya la sheria za netiboli lilipoanza kutumika Januari 2024, lilimfikia kwa WhatsApp kwa Kiingereza, na amelitafsiri kwa mkono kwenye daftari jipya, kifungu kwa kifungu, kwa Kiswahili ambacho msichana wa kidato cha kwanza anakielewa. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, nje ya msimu wa mitihani, anawafundisha walimu vijana kwenye kiwanja cha shule ya kata iliyo karibu na nyumbani kwake. Afisa michezo wa wilaya ametoa barua ya ruhusa, na shule zimekubali kumwachia kila mmoja asubuhi yake. Fedha hakuna. Wiki iliyopita mwalimu mmoja kijana, wa kiume, alimuuliza afanye nini ikiwa mechi ni ya shule yake na hakuna mwamuzi mwingine. Mama akamjibu kwamba ndiyo sababu darasa lile lipo, na kwamba shule mbili jirani zikiwa na waamuzi wawili kila moja, hakuna atakayelazimika kuchezesha timu yake.

Wanachokosa ni mipira ya saizi ya 5, vipenga, na saa mbili za kutunzia muda. Pete za magoli zimeshachomelewa na fundi wa pale stendi, mume wa yule mama ntilie. Aliye Mwanza na ana mpira wa netiboli umelala kabatini, Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao wataanza saa mbili asubuhi.